Vumi la Somo Yangu

Kwini wetu alitoa kitanda chake ili tupate zile ngoma. Si kitanda cha kamba, nasema samadari, yenye miguu ya kuchongwa na vioo upande wa kichwani, aliyopewa na mama yake alipoolewa mara ya kwanza. Karani mmoja wa forodha, Mgoa, alikuwa amepata uhamisho wa kwenda Lindi, na mkewe aliitamani samadari ile tangu siku alipoiona kwenye arusi nyumbani kwa Kwini. Mumewe naye alikuwa na seti ya ngoma za kizungu, urithi wa mjomba wake, na kelele zake zilikuwa zimemchosha mke mpaka basi. Wakubwa wakazungumza. Kitanda kikabebwa kwenda kwa Mgoa, ngoma zikaletwa uani kwetu kwa mkokoteni, na kila upande ukaamini umempunja mwenzake.

Mwezi ule Kwini alilala chini kwenye mkeka na hakulalamika hata siku moja. Kumwelewa ni lazima ujue vyama vya lelemama, ngoma ya wanawake, vilivyokuwa pale Bagamoyo mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Kila chama cha wanawake kilikuwa na kiongozi wake aliyeitwa Kwini, na sare yake, na mahasimu wake, na hao mahasimu ndio waliokifanya chama kiwe chama. Mahasimu wetu sisi walikaa ng'ambo ya soko. Tulishindana nao kwa nyimbo, kwa kanga, kwa pilau, hata kwa wingi wa watu tuliowapeleka matangani. Mwaka ule wao walikuwa wamepata tarumbeta mbili. Sisi tulikuwa na upatu na ngoma zetu za miti, tukawa tunapita njia za nyuma kwa aibu.

Mimi nilikuwa nimerudi kwa baba. Mume niliyeozwa huko Sadani hatukuwezana, akanipa talaka yangu kwa heshima, nami nikafunga sanduku langu bila machozi mengi. Baba alikuwa fundi wa kushona. Goti lake la kulia lilikuwa limeanza kumtesa, kwa hiyo yeye alikaa barazani akipima watu na kukata vitambaa, nami nikawa chumba cha ndani nakanyaga cherehani ya miguu kuanzia asubuhi mpaka alasiri. Wateja walidhani mashono ni ya baba. Tuliwaacha wadhani hivyo.

Basi siku ile ngoma zilipofika, Kwini alivuta gunia moja baada ya jingine na sisi tukasimama tumeziba midomo kwa kanga. Nimezaa, nimezika, nimekwenda Makka na kurudi, na bado naikumbuka siku ile nilivyokatika pumzi. Ile kubwa ilisimama kwa ubavu wake, upana wake kama sinia la kulia watu wanane. Kwenye ngozi yake mtu alikuwa amechora ziwa, na nyuma ya ziwa mlima wenye kichwa cheupe, na ukingoni nyumba ndogo inayotoa moshi. Ndani ya ngoma, ukichungulia kwenye tundu la ubavuni, palikuwa na glopu ya taa. Taa ndani ya ngoma! Mjini kwetu nyumba zenye umeme zilikuwa za kuhesabika, na hapa palikuwa na ngoma iliyojengewa taa yake.

Halafu zilikuja nyingine. Ndogo ya shaba, yenye nyaya nyembamba zilizopita chini ya ngozi, ukiigusa tu kwa vijiti inatoa mvua ya ghafla kwenye bati. Toazi kubwa la kuning'inia kwenye ndoana iliyopinda. Kigogo cha mbao chenye mwanya, kengele ya ng'ombe isiyo na ulimi, na matoazi mawili madogo yaliyobebana juu ya kibao chenye springi. Mwisho kulikuwa na kitu cha chuma chenye kibao, mnyororo na kirungu cha manyoya, ambacho hakuna aliyekijua. Tulikizungusha mkono kwa mkono, tukakubaliana kwamba ni mtego wa panya wa Mgoa uliochanganyika na mizigo kwa bahati mbaya, na Kwini akautia sandukuni asije akadaiwa.

Kulikuwa na swali moja kabla ya yeyote kuzigusa. Mgoa anakula nguruwe, wakasema wazee wa chama, tutajuaje hii si ngozi ya nguruwe? Aliyeitwa kuamua alikuwa somo yangu.

Huyu ndiye mwanamke aliyeniweka ndani nilipovunja ungo, akanifunza usafi, adabu na mambo ya ndoa, na mpaka alipokufa hakuniita jina langu ila "mwari wangu". Alikaa Kaole, akilima mpunga na muhogo, na kila Ijumaa alikuja mjini kwa miguu. Yeye ndiye aliyekuwa mpiga vumi wetu, ile ngoma kubwa ya sauti nzito inayobeba nyingine zote. Alikuwa amepiga vumi katika arusi za mama zetu. Alipofika alivua viatu, akapiga magoti mbele ya ile picha ya ziwa, akanusa ngozi, akaikwaruza kwa ukucha, akaibandika sikio na kuigonga kwa kidole kimoja. Kisha akasema ni ndama, tena ndama jike, na aliyeiwamba alikuwa na mkono mwepesi. Hakuna aliyebisha.

Tukagawana. Hapa ndipo vijana wangu hunicheka nikisimulia, nami nawaacha wacheke, maana kwa akili yetu hapakuwa na njia nyingine. Ngoma ni watu. Kwenye ngoma za kwetu chapuo lina mtu wake, msondo una mtu wake, vumi lina mtu wake, na utamu wenyewe ni jinsi mtu na mtu wanavyojibizana. Basi somo yangu alikaa kwenye lile kubwa akilipiga kwa mkwiro uliofungwa kitambaa. Mimi nilipewa ile ndogo ya shaba, tukaiita chapuo. Walikuwapo mtu na dada yake, mmoja akasimama kwenye toazi na kengele, na mdogo mtu akachuchumaa chini akiyabana yale matoazi mawili kwa kiganja, akisema mkono unamwuma. Wanawake wanne kuizunguka seti moja kama waliozunguka chungu.

Na tulikuwa wazuri. Nalisema bila kujisifu, kwa sababu waliotusifu wamo makaburini na hawakuwa watu wa kusifu ovyo. Kwa mwaka mzima hakuna arusi ya maana iliyofanyika bila sisi. Kila asubuhi ilikuwa zamu ya mmoja wetu kuzitoa ngoma uani zipate jua, kwa sababu ngozi ya ndama hewa yetu ya pwani inailegeza, na alasiri za Ijumaa somo akizigonga moja moja alijua nani alikuwa na zamu na alichelewa kiasi gani. Nilipopiga mimi naye, mapigo yangu madogo yakipita juu ya lile lake moja zito, nilihisi kama mtoto aliyeshikwa mkono kuvuka barabara. Sikutaka kitu zaidi ya hicho, au ndivyo nilivyodhani.

Mwaka wa pili, masika, alikuja mtoto wa kaka yake Kwini, kijana aliyekuwa akipiga na bendi moja ya dansi Dar es Salaam. Lori lao lilikwama kwenye tope la Zinga, akafika na suruali imelowa mpaka magotini. Kwini akamkaribisha uani aone mali yake. Kijana alizitazama ngoma, akazipapasa, akasema hizi ni za zamani sana, za enzi za babu zake, na hata Dar hajaona seti nzima namna hii. Glopu ile, akatueleza, ilikuwa ya kuikausha ngozi wakati wa unyevu na kuiangaza picha. Kisha akamwuliza Kwini mpiga ngoma wetu yuko wapi.

"Hawa hapa," Kwini akasema, akatuonyesha sote wanne.

Yule kijana alikuwa na malezi. Alituamkia mmoja mmoja, akaomba tumpigie, tukampigia, akasikiliza kichwa kimeinama. Niliona anauma mdomo. Tulipomaliza alitusifu, na nadhani alisema kweli, ila baadaye akauliza kwa upole kama hakukuwa na kipande kingine, cha chuma, chenye mnyororo. Kwini akaenda sandukuni akaleta mtego wa panya.

Kijana aliufunga mtego ule mguuni pa ngoma kubwa, akavuta kigoda, akakaa, akaweka mguu wa kulia kwenye kibao kile na wa kushoto kwenye kile cha matoazi mawili. Akaomba radhi kwa wakubwa. Halafu akapiga.

Sijui niieleze vipi. Mguu wa kulia ulisema neno na wa kushoto ukalijibu, mkono mmoja ukaenda zake juu ya toazi kama hauna habari na mwenzake, na mkono wa pili ukaanza kumwaga mvua ile ya bati, polepole, kisha kwa kishindo. Mwili wake hata haukutikisika. Nilijikuta nageuza shingo kutafuta mtu wa pili, maana masikio yangu yalikataa. Palikuwa na watu wanne katika sauti ile na kigodani alikaa mmoja. Nilimwogopa Mungu aliyeweza kuvitia vitu vinne katika kiwiliwili kimoja na kukaa siku zote hizo bila kuniambia.

Kijana alipomaliza, wanawake walipiga vigelegele. Somo yangu hakupiga. Alikuwa ameutazama ule mguu wa kulia tangu mwanzo mpaka mwisho, kirungu kikipiga pale pale mkwiro wake ulipokuwa ukipiga, tena bila kuchoka.

"Hapo wamekufa watu watatu," alisema, akainuka kwenda kutawadha.

Alikuwa na haki. Lakini mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nauangalia mguu ule kwa jicho jingine. Niliujua. Kisigino chini, vidole juu, kisigino juu, mikono juu ya meza ikiongoza kitambaa bila kuungoja mguu. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya kila siku tangu nilipopewa talaka.

Kesho yake baba alipokwenda msikitini adhuhuri, niliuvua ukanda wa cherehani ili sindano isikimbie, nikakanyaga kibao kitupu, na kwa miiko miwili nikapiga ukingo wa meza. Ilikuwa fujo. Mguu ukiongea mkono unanyamaza, mkono ukiamka mguu unasahau. Nikarudia kesho yake, na keshokutwa. Siku ya nne au ya tano baba alirudi mapema, akasimama mlangoni na fimbo yake, akanitazama na miiko yangu. Nilingoja anikemee. Aligeuka akatoka barazani. Siku iliyofuata, alipoondoka kwenda kuswali, nilikuta ukanda umekwisha vuliwa na umeviringishwa vizuri juu ya mashine.

Siku ya zamu yangu ya kuanika ngoma, Kwini alikuwa amekwenda sokoni na uani hapakuwa na mtu. Nilijiambia nitakaa tu kwenye kigoda nione jinsi mtu anavyokaa. Nilikaa. Nikaweka miguu. Nikapiga pigo moja la mguu, na lile vumi likanijibu chini ya mbavu, ndani kabisa, mahali ambapo chapuo halikupata kufika. Kisha sikumbuki nilivyoanza. Nakumbuka tu dakika ile vitu vinne vilipoacha kugombana na kuanza kutembea pamoja, na mimi nikiwa katikati yao nimetulia tuli, nasikiliza kama mgeni. Nililia huku napiga. Nilipogeuka, Kwini alikuwa amesimama mlangoni na bamia zimemwagika miguuni pake.

Kwini hakuwa mtu wa kuzunguka mbuyu. Ijumaa ile alikusanya chama chote na kutangaza kwamba Idi ijayo, kwenye mashindano ya uwanjani, mbele ya wale wa ng'ambo ya soko na tarumbeta zao, seti itapigwa na mwanamke mmoja. Mji huu haujaona, alisema, na ukiona hautasahau. Akanitaja. Wanawake wakapiga makofi, hata wale ndugu wawili, kwani mdogo mtu alikuwa amekwisha choka kuchuchumaa. Mimi nilimtazama somo.

Alikuwa ameshika mkwiro wake. Aliuweka chini, juu ya mkeka, taratibu, kama unavyomlaza mtoto aliyesinzia. Akajifunga kanga yake, akasema magugu yamezidi shambani, akaaga wakubwa, akaenda zake Kaole. Ijumaa iliyofuata hakuja. Wala iliyofuata hiyo.

Ramadhani ikaingia. Mchana nilishona sare, jioni baada ya kufuturu nilifanya mazoezi, na kadiri nilivyozidi kuwa hodari ndivyo nilivyozidi kukonda. Usidhani nilitaka kuacha. Hapo ndipo palipokuwa na aibu yangu. Nilizitaka ngoma zile kwa namna ambayo sikupata kumtaka mume. Lakini somo hapokonywi kitu na mwari wake. Ni yeye aliyenifundisha kwamba mkubwa akiwa anakula huvuti sinia, na mimi nilikuwa nimelivuta mbele ya chama kizima.

Siku chache kabla ya Idi nilikwenda Kaole, na kilo ya sukari kwenye kikapu. Nilimkuta shambani kwake amekaa chini akichambua mbegu. Nikampa shikamoo. Aliitikia marahaba, akaniita mwari wake kama kawaida, na hilo lilinichoma zaidi kuliko kama angenuna. Aliniuliza kama nimekuja kuomba radhi au kuomba ruhusa. Nikasema vyote viwili. Akasema radhi hana ya kunipa kwa sababu sijamkosea. Kipaji ni cha Mungu, na Mungu hakosewi kwa kutoa. Nikamwambia nitaacha, Kwini atafute mwingine, nitarudi kwenye chapuo langu na yeye arudi kwenye vumi lake.

"Usiniletee sadaka," alisema. "Nilikusikia. Wiki iliyokwisha nilipita nyuma ya ua wa Kwini wewe ukijifunza, nikasimama. Umepiga vumi vizuri. Kwa mguu, lakini vizuri."

Akachambua mbegu kidogo. Kisha akaniuliza, bila hasira, bila hata kuniangalia:

"Ila ukikaa wewe pale, mwari wangu, mimi nitakaa wapi?"

Nilifikiri njia nzima ya kurudi mjini. Mwanamke aliyepiga ngoma tangu hajavunja ungo, ngoma inapoanza ana mahali pake. Anajua ageukie wapi. Ukimtoa pale humtoi kwenye kigoda tu. Nikawaza atakaa upande wa watazamaji, na wale wa ng'ambo ya soko watamwona, watasukumana viwiko, na nikataka nguo yangu ya Idi iungue moto.

Nguo hiyo aliishona baba mwenyewe, pamoja na goti lake bovu. Tatizo lilikuwa kukaa. Uani, wanawake kwa wanawake, mtu anaweza kukaa apendavyo, lakini uwanjani patakuwa na masheikh, na wanaume, na serikali, na mwanamke hawezi kukaa mbele yao kapanua miguu. Baba alikuja uani kwa Kwini na futi yake, akapima kutoka kigodani mpaka kwenye kile kibao cha chuma, akapima na upana, akarudi nyumbani akashona sketi ya marinda iliyokula jora karibu zima. Nilipokaa, ilifunika miguu, kigoda, na nusu ya vyuma. Nilionekana nimeota juu ya ardhi.

Siku ya Idi Pili, baada ya swala ya alasiri, uwanja ulijaa. Walioanza ni wale wa ng'ambo ya soko, na sitawasema vibaya, tarumbeta zao zilikuwa tamu. Wazee watatu wa kuamua walikuwa wamekaa kwenye viti wakitikisa vichwa kwa raha. Kisha wetu wakajipanga, wanawake thelathini safu moja, sare ya buluu, na mimi nyuma yao peke yangu na ziwa lile na mlima ule mbele yangu. Nilisoma bismillahi. Nikakanyaga.

Niliona mzee mmoja akiinuka nusu kitini, akinyoosha shingo kutafuta walipofichwa wapigaji wengine, na nikamjua, kwani nami nilipata kugeuza shingo hivyo hivyo. Mwanamke mmoja wa upande wa pili alishusha tarumbeta yake mapajani akasahau kufunga mdomo. Safu yetu ilikwenda kama mtu mmoja, mkono juu, mkono chini, bega, hatua, na chini ya miguu yao lile vumi langu. Tulikuwa tumeshinda. Mtoto mdogo angeona.

Ndipo nikamwona somo. Alikuwa ameingia uwanjani kwa upande wa barabara ya Kaole, hana sare, amevaa kanga zake za Idi. Hakwenda kwa watazamaji. Alipita nyuma ya viti vya wazee, akaja moja kwa moja, akasimama mwisho wa safu, wa thelathini na moja, akainua mkono kama wenzake. Akaanza kucheza.

Hakujua kucheza. Hilo lilinipiga usoni. Mwanamke ambaye mji mzima ulikuwa umecheza kwa mkono wake, yeye hakuwahi kucheza. Angecheza lini? Wasichana wenzake walipokuwa wakijifunza hatua, alikuwa nyuma ya vumi. Arusi zote, mikesha yote, Idi zote alikuwa nyuma ya vumi, akiona migongo yao. Mguu wake ulichelewa, mkono ulikwenda upande usio wake, akageuka wenzake wakiwa wamekwisha geuka. Nikaona wale wa ng'ambo ya soko wanaonyeshana kwa kidevu. Nikasikia kicheko cha kwanza. Naye aliendelea, amekaza uso, akitazama mbele, mwanamke mzima wa makamo yake akijifunza kutambaa mbele ya mji.

Nilikuwa na mapigo machache tu ya kufikiri, na sikuyatumia kufikiri. Mguu wangu wa kulia ulingoja. Vumi lilipotakiwa kulia halikulia. Lililia unyayo wake ulipogusa mchanga. Pigo la pili hivyo hivyo. Nikavuta chapuo nyuma, nikayashika matoazi ya chini yasubiri, nikaibeba ngoma yote, ile ya Mgoa, ile ya samadari, nikaipeleka mwisho wa safu na kuiweka chini ya miguu miwili ya mwanamke mmoja.

Safu ikavurugika. Wanawake thelathini waliojifunza mwezi mzima wakawa wote wamekosea, na aliyekosea akawa peke yake ndiye yuko sawa. Wakagongana. Kwini aligeuka akanitazama kwa macho ambayo bado nayaona. Wazee wakaangaliana, mmoja wao akatikisa kichwa, na ng'ambo ya pili tarumbeta zikaanza kuinuliwa tayari kwa kushangilia. Tulishindwa Idi ile, na Kwini hakunisemesha mpaka mfungo sita, mwezi wa maulidi.

Mimi sikumtazama Kwini. Nilikuwa nimezikodolea macho zile nyayo. Somo ndiye aliyekuwa na sikio bora katika pwani yetu yote. Hatua mbili, tatu, akajua vumi liko wapi na limemfuata kwa sababu gani. Aliinamisha kichwa kidogo, kama siku ile alipoibandika ngozi sikioni. Kisha uso wake ukafunguka, akaachia mabega, akacheza, vibaya kabisa, mpaka adhana ya magharibi, na mimi sikuinua mguu wangu kabla ya wake.